Matabishi kwenye simu: ginsi gani muuzaji mudogo wa Kabongo anaweza kumurudisha mukiliya

KABONGO – Ku soko, mama mwenye kuuza unga anapima meka yake, anaisawanisha na mukono, anamimina ndani ya mufuko wa mukiliya. Bei imekwisha. Lakini mukiliya haondoke. Anaacha mufuko wazi, anangoja. « Mama, na matabishi? » Mama anacheka ao ananuna, kisha anachota kiganja kimoja tena na kukimwaga juu. Sasa njo biashara imekwisha kwa kweli.

Kile kiganja cha unga hakiko ndani ya bei. Hakuna sheria yenye inamulazimisha mama kukitoa. Na hata vile, kila mutu anajua: mama mwenye hatoake matabishi, kesho meza yake itabakia bila watu.

Tangu miaka fulani, sehemu ya biashara hiyo imehamia kwenye simu. Vijana na wamama wanauza vikwembe, viatu, meshi, mafuta ya mwili na telefone kupitia WhatsApp na Facebook. Duka halina mulango. Duka ni picha ndani ya statu, namba ya Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money, na dereva wa pikipiki mwenye analeta muzigo. Lakini katika safari hiyo ya kutoka sokoni mupaka kwenye simu, matabishi yalibakia njiani. Bei inaandikwa, feza zinatumwa, muzigo unafika, kila mutu anaenda njia yake. Mwezi wenye kufuata, mukiliya anaenda kununua kwa mwingine, juu tu amepunguza FC 500.

Je, kile kiganja cha unga kinaweza kupita ndani ya simu? Kinaweza. Lakini muuzaji anapaswa kwanza kuelewa ginsi kinatumika ndani ya moyo wa mutu, sababu kikitolewa mubaya kinaweza kuharibu kuliko kujenga.

Neno lenye limesafiri

Neno matabishi lenyewe lilitoka mbali. Mizizi yake ni ya Kireno, mata-bicho, maana yake « kuua mududu ». Lilikuwa kinywaji ao chakula kidogo cha asubuhi, cha kutuliza mududu wa njaa tumboni. Kisha likakuwa jina la kitu kidogo chenye mutu anatoa juu ya mapatano. Wakati wa Wabelgiji, neno hilo liliingia hata ndani ya Kifaransa cha Kongo kwa maana ya feza kidogo yenye mutu anapewa juu ya kazi. Leo, watu wengine wanaliita matabishi hata rushwa. Hiyo ni habari ingine, lakini inafaa kuikumbuka: zawadi na rushwa ni majirani, ukuta kati yao ni mwembamba.

Desturi haiko ya Kongo peke yake. Huku Zambia, kwenye masoko ya Lusaka na ya Copperbelt, wanaiita mbasela. Tanzania wanaomba nyongeza. Mbali kabisa, muji wa New Orleans huko Marekani, wauzaji wa zamani walikuwa na jina lao la kitu kidogo cha bure chenye walimupa mununuzi: lagniappe. Watu wenye hawakuonana hata siku moja walifikia wazo moja. Ni kusema kwamba iko kitu ndani ya mwanadamu chenye kinajibu wakati anapewa.

Mbona mutu anarudisha?

Mwaka wa 1925, mwalimu mumoja wa Ufaransa, Marcel Mauss, aliandika juu ya zawadi katika makabila mbalimbali ya dunia. Aliona mambo matatu yenye yanarudia kila mahali: mutu anajisikia analazimishwa kutoa, analazimishwa kupokea, na analazimishwa kurudisha. Hakuna karatasi yenye inasainiwa, lakini mwenye hatarudisha anapoteza heshima. Watu wa kwetu hawana lazima ya kufundishwa jambo hilo. Mutu mwenye alikuja kwenye kilio cha nyumba yako na mufuko wa unga, siku kilio kitakuwa kwake hauwezi kwenda mikono mitupu.

Wataalamu wa Marekani walitaka kupima nguvu ya jambo hilo. Mwaka wa 1971, Dennis Regan alitangaza jaribio moja. Mwanafunzi alikaa na kijana mwingine, wote wawili wakiangalia picha za kuchorwa. Kijana huyo, mwenye alikuwa musaidizi wa Regan kwa siri, alitoka kidogo. Mara ingine alirudi mikono mitupu. Mara ingine alirudi na chupa mbili za Coca-Cola, moja yake na moja ya mwenzake, bila kuombwa. Kisha akaomba mwenzake amununulie tiketi za bahati nasibu. Wale wenye walipewa Coca-Cola walinunua karibu mara mbili kuliko wenye hawakupewa kitu. Chupa ilikuwa ya senti 10, tiketi moja ilikuwa ya senti 25. Na jambo la kushangaza: wenye walipewa walinunua hata kama kijana yule hakuwapendeza.

Jaribio lingine, lenye lilitangazwa mwaka wa 2002 na David Strohmetz na wenzake, lilifanyika ndani ya restora. Mutumishi alileta hesabu ya chakula pamoja na bombo za chokoleti. Bila bombo, wateja waliacha karibu franga 19 ya kumupongeza kwa kila 100 ya hesabu. Na bombo moja, hesabu ilipanda kidogo sana. Na bombo mbili, ilifika karibu 22. Lakini wakati mutumishi alitoa bombo moja, akaanza kuondoka, kisha akageuka na kuongeza ya pili sawa vile moyo wake umemusukuma, ilifika 23.

Bombo zilikuwa mbili kwa mbili. Chenye kilibadilika ni ginsi ya kutoa. Mama wa unga anajua somo hilo tangu zamani: kiganja cha mwisho, chenye kinakuja kisha bei, kinaonekana kuwa kikubwa kuliko viganja vyote vyenye viko ndani ya meka.

Kwenye simu, mukiliya njo mwenye alitoa wa kwanza

Kati ya soko na simu kuna tofauti moja kubwa, na wauzaji wengi hawaioni.

Ku soko, mukiliya anaona unga, anaugusa, anaunusa, kisha analipa. Kwenye simu, anaona picha tu. Anatuma feza zake kwa mutu mwenye pengine hajamuona hata siku moja. Kisha anangoja. Muzigo uko Lubumbashi ao Kamina, na kutoka Kamina mupaka Kabongo ni zaidi ya kilometa 150. Wakati wa mvua, barabara ni matope, na mutu anaweza kulala usingizi mubaya siku nyingi akijiuliza kama feza zake zimekufa.

Kwa hiyo, mbele muuzaji atoe matabishi yoyote, mukiliya amekwisha kumupa kitu chenye bei kubwa: amemuamini. Katika biashara ya simu, muuzaji njo mwenye deni la kwanza. Akielewa hivi, hatajiona kuwa mutu mwema mwenye anawagawia watu vitu vya bure. Atajiona kuwa mutu mwenye anarudisha.

Na kitu cha kwanza cha kurudisha hakinunuliwe. Ni habari. « Yaya, muzigo umetoka Lubumbashi leo. » « Mama, gari imekwama, tungoje siku mbili tena. » Ujumbe kama huo unakula mega kidogo sana, lakini unaondoa muzigo kwenye moyo wa mutu. Muuzaji mwenye ananyamaza siku nane, kisha anatuma kado kubwa, amechelewa. Mukiliya alikwisha kuhesabu zile siku nane.

Kitu cha pili ni ukweli. Kama kikwembe kiko na alama ndogo kwenye pindo, muuzaji aipige picha na kuionyesha mbele ya kupokea feza. Pengine mukiliya ataacha kununua siku ile. Lakini amepewa jambo lenye hata ku soko ni nguvu kulipata, na atarudi.

Matabishi yenye yanafaa

Kisha kufanya hayo mawili, njo matabishi yenyewe yanaingia. Tuseme mama mumoja anauza vikwembe. Kimoja anakinunua FC 30.000 kule Lubumbashi. Usafiri na makato ya kutuma feza ni FC 6.000. Anakiuza FC 45.000. Faida ni FC 9.000. Akiamua kwamba matabishi hayatapita sehemu moja ya kumi ya faida, iko na FC 900. Anaweza kupunguza bei na kuuza FC 44.100. Mukiliya hatakumbuka. Kesho mwingine atauza FC 44.000, na mambo yamekwisha.

Lakini akichukua feza hiyo na kununua uzi wa rangi moja na kile kikwembe, akauweka ndani ya mufuko bila kutangaza, habari ni ingine. Mukiliya anafungua mufuko, anaona uzi. Anaelewa kwamba mutu mumoja alifikiri juu yake, juu ya shida atakuwa nayo kwa fundi cherehani akikosa rangi. FC 900 ya bei iliyopunguzwa inasahauliwa. Uzi unaonekana kila mara fundi anashona.

Hapo kuna kanuni tatu. Ya kwanza: matabishi yatoke ndani ya kitu chenye kimenunuliwa. Mwenye anauza telefone, aweke ile karatasi ya kulinda kioo. Mwenye anauza meshi, aweke kitana. Mwenye anauza nguo za mutoto muchanga, aweke kipande cha sabuni. Ya pili: yasitangazwe mbele. « Ukinunua utapata kado » si matabishi tena, ni sehemu ya bei, na mukiliya anaihesabu hivyo. Ya tatu: yaonyeshe kwamba yalitoka kwa mutu kwenda kwa mutu. Vokali ya sekunde kumi kwa Kiluba, yenye inataja jina la mununuzi na kumwambia « wafwako bininge », inaweza kufika mbali kuliko mufuko wenye kuandikwa jina la duka.

Kwa kufanya hivyo haiombi mashine kubwa. Kaye moja inatosha: jina, kitu chenye alinunua, kipimo cha kiatu, tarehe. Programu ya WhatsApp Business, yenye ilitoka mwaka wa 2018 na ni ya bure, inasaidia pia kuweka alama kwa kila mukiliya na kutayarisha majibu ya haraka. Lakini majibu ya haraka yasikule nafasi ya salamu. Mutu mwenye amezoea kuitwa Mama ao Papa hafurahi kupokea ujumbe moja na watu mia mbili.

Zawadi nayo inaoza

Wauzaji fulani wanafikiri kwamba zawadi moja kubwa itamufunga mukiliya kwa mwaka. Hapana. Mwaka wa 1997, Jerry Burger na wenzake huko Marekani walipima jambo hilo. Mutu mwenye alipewa kitu kidogo, akiombwa musaada kisha dakika chache, alikubali upesi kuliko mwenye hakupewa. Lakini akiombwa kisha juma moja, nguvu ya zawadi ilikuwa imekwisha.

Ni sawa na samaki mubichi. Zawadi moja ya FC 10.000 kwenye mwaka mupya inaoza mbele ya Januari kwisha. Vitu vidogo kumi vya FC 1.000, vyenye vinakuja kila mara mutu ananunua, vinajenga desturi. Mutu harudi tena juu ya kulipa deni la moyo. Anarudi juu amezoea kutendewa muzuri pale. Huo njo uaminifu wa kweli, na ndiyo mama wa unga amejenga miaka yote, kiganja kimoja kimoja.

Lakini iko hatari. Kitu kimoja kikirudia kila siku, mukiliya anakigeuza kuwa haki yake. Siku uzi haupatikani, atauliza uzi wake uko wapi. Ni vizuri kubadilisha: leo uzi, mara ingine kumuletea muzigo bure mupaka nyumbani, mara ingine kumuonyesha kikwembe kipya yeye wa kwanza mbele ya kukiweka kwenye statu.

Deni si zawadi

Hapa njo maduka mengi madogo yanakufa. Muuzaji anataka kumupendeza mukiliya, basi anamwambia: « Chukua tu, utalipa mwisho wa mwezi. » Anafikiri ametoa zawadi. Hapana, ametoa deni, na vitu hivyo viwili vinatembea njia mbalimbali ndani ya moyo.

Mutu mwenye alipewa zawadi anapenda kupita karibu na mwenye alimupa. Mutu mwenye yuko na deni anabadilisha njia. Kwenye simu kubadilisha njia ni rahisi zaidi: anaacha kufungua statu, anaona ujumbe na hajibu, mwisho anafunga namba. Muuzaji amepoteza kikwembe, amepoteza na mukiliya. Na mara nyingi mukiliya huyo ni ndugu, ao muke wa ndugu, ao mutu wa kanisa moja, kwa hiyo anapoteza na ujamaa.

Kwa wenye hawawezi kulipa mara moja, kuna njia yenye watu wa kwetu wanaijua muzuri: likelemba. Wanunuzi watano ao sita wanatoa kila mwezi kiasi kimoja, na kila mwezi mumoja wao anapata kitu chake. Muuzaji anaweza kuandika majina na kulinda zamu. Hapo hatoe deni lenye hatari, na wanunuzi wanakumbushana wao kwa wao. Kazi ya kupanga likelemba inaweza yenyewe kuwa matabishi yake.

Wakati zawadi inakuwa mutego

Nguvu yenye inajenga duka inaweza pia kuiba. Kila mutu wa Haut-Lomami alikwisha kuona, wakati wa kampeni, ginsi T-shirt na chumvi vinagawiwa mbele ya kura. Mwenye kupokea anajisikia amefungwa, hata kama hakuomba kitu.

Kwenye simu mutego unakuja kwa sauti tamu. « Umeshinda telefone, tuma FC 2.000 ya usafiri. » « Tumekupa zawadi, tuambie namba yako ya siri ili uipokee. » Zawadi ya kweli haiombe feza mbele, wala haiombe namba ya siri ya Airtel Money ao ya M-Pesa. Robert Cialdini, Mumarekani mwenye aliandika kitabu chenye kujulikana juu ya ginsi watu wanavutwa mwaka wa 1984, anatoa shauri rahisi: kama unaona kitu ulichopewa kilikuwa ujanja wa kukuuzia, ukiite ujanja. Haukupewa zawadi, kwa hiyo hauna cha kurudisha.

Muuzaji mwaminifu naye ajichunge asiingie kwenye njia hiyo. Kumwambia mukiliya « nilikupa uzi, mbona haununue tena? » kunaua zawadi palepale. Kutuma vitu vyenye mutu hakuomba, kisha kumudai feza, ni kumutega. Na kuweka kwenye statu picha ya mukiliya ao ya ujumbe wa malipo yake bila kumuuliza ni kurudisha ubaya kwa mutu mwenye alikuamini. Tangu tarehe 13 Machi 2023, Kongo iko na sheria ya mambo ya numerike, Code du numérique, yenye inagusa biashara ya intaneti na kulinda habari za watu. Duka dogo la WhatsApp haliko inje ya sheria hiyo juu tu ni dogo.

Kama muuzaji anataka kuomba kitu, aombe kidogo na kwa wakati wake. Mukiliya akiisha kuvaa kikwembe na kutuma picha ya furaha, pale anaweza kumwambia: « Mama, akiko dada mwenye anakipenda, mwambie niko na vingine viwili. » Mukiliya mwenye ametendewa muzuri ataita dada zake watatu. Hapo kiganja cha unga kimerudi, na faida juu yake.

Bei inamuleta, matabishi yanamurudisha

Matabishi hayatamuokoa muuzaji wa vitu vibaya. Uzi wa bure hauwezi kushona kikwembe chenye kinatoka rangi kwenye maji ya kwanza. Na hayatashinda bei yenye kupita kipimo. Lakini pale wauzaji kumi wanatoa vikwembe vya namna moja, kutoka duka moja la Lubumbashi, kwa bei yenye kupitana FC 500, mukiliya atamuchagua mwenye anajua jina lake.

Jioni, wakati rezo inarudi na statu zinaanza kufunguka, mukiliya anaona picha kumi za vikwembe. Kidole chake kitasimama kwenye namba ya mutu mwenye, mara ya mwisho, alifungua mufuko wake na kukuta kitu chenye hakukilipia.